Aibu ya Fundi Vioo

Mwalimu Mkuu aliisoma insha ile kwa sauti mpaka mwisho, na hakuna aliyemkatiza. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba, na alisoma vizuri, akipumzika penye nukta. Fundi Vioo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani, vumbi la kazi likiwa bado kwenye magoti ya suruali. Binti yake alisimama kando yake kwa sababu wanafunzi hawakalishwi ofisini mle. Dirisha la nyuma ya Mwalimu Mkuu lilikuwa na kioo ambacho Fundi mwenyewe alikikata na kukitia. Kazi hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye kamati ya wazazi, maana kila shule hupenda kuwa na fundi kwenye kamati.

Insha ilihusu bawabu wa mji mkubwa. Wenyeji wa mji ule walihama siku moja kupitia nyuma, wakasahau kumuaga mtu wa langoni. Bawabu akabaki palepale analinda. Kila msafiri aliyefika alihojiwa: katoka wapi, kaja kwa nani, ana jema gani la kuwaletea wenyeji. Huyu akaruhusiwa, yule akafukuzwa, na mle ndani hapakuwa na hata paka.

"Hii si kazi ya mtoto wa shule," alisema mwalimu wa insha, kijana mwembamba aliyeegemea kabati. "Imetoka kitabuni."

"Kitabu gani?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Hicho ndicho ninachomuuliza tangu juzi. Hasemi."

"Nimesema," binti alijibu. Sauti yake ilikuwa ya adabu lakini haikuwa ya kuomba. "Sijanakili popote. Maneno ni yangu. Bawabu ni wa baba."

"Wa baba vipi?"

"Muulizeni mwenyewe. Si huyu hapa?"

Wote watatu wakamgeukia Fundi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angesema maneno machache tu, shauri likaisha, kila mtu akaenda kunywa chai yake. Na Fundi hakuwa mjinga. Alijua hasa bawabu yule katoka wapi. Katoka kwenye meza yake ya kukatia vioo, ile pana iliyotandikwa blanketi kuukuu ili kioo kisikwaruzike. Kila Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, yeye na wenzake wawili aliosoma nao huvuta vigoda kuizunguka meza ile na kucheza mchezo waliouanza wakiwa shule na kuuacha maisha yalipowabana. Mmoja wao huongoza hadithi: mko njiani, mvua inanyesha, mbele yenu kuna daraja, na chini ya daraja kuna kitu kinapumua. Wengine husema wanachofanya, kila mmoja akiwa mtu mwingine kabisa, kisha dadu inarushwa ili ijulikane kama kimewezekana. Waliurudia mchezo wakiwa na mvi na matumbo, kwanza kwa utani, halafu ukawashika. Fundi ndiye bawabu. Na binti yake, akipiga msasa kingo za vioo pembeni, alikuwa amesikia yote.

Hayo ndiyo aliyotakiwa kuyasema. Lakini alimwangalia Mwalimu Mkuu, akamwangalia yule kijana wa kabatini, akakumbuka mkutano wa mwisho wa kamati. Alisimama pale mbele ya wazazi wote akapiga meza: "Michezo itawamaliza watoto wetu! Mtu mzima hachezi!" Walimpigia makofi. Je, asimame leo aseme kwamba yeye, mjumbe wa kamati, mwenye zabuni ya madirisha, kila Jumapili huongea na majoka?

"Labda amesikia mahali," alisema, akiigeuzageuza kofia. "Watoto wa siku hizi, Mwalimu. Huwezi kujua wanaokota wapi mambo."

Binti hakulia. Aliinama akavuta soksi yake juu, akasimama wima tena, na tangu hapo hakumtazama baba yake.

Mwalimu Mkuu alikunja insha. Alitegemea jibu jingine, na ilimuuma, kwani alimpenda mtoto yule. "Nafasi ya ufadhili wa shule ya juu kwa insha bora ni moja," alisema. "Siwezi kuwapelekea wafadhili jina lenye doa. Kesho ninapeleka jina. Kama kuna mtu ana la kunieleza kabla ya hapo, nitamsikiliza. Kama hakuna, atakwenda aliyemfuata kwa alama."

*

Nyumbani mama wa binti alikuwa anapiga pasi. Hiyo ndiyo kazi yake, kufua na kunyoosha nguo za watu, na sebule yao ilikuwa imejaa mashati ya wanaume wasiowajua. Binti alipita moja kwa moja hadi chumbani bila kuvua viatu. Mama aliona viatu vile, akaisimamisha pasi.

"Wamesemaje?"

"Wanasema amenakili," Fundi alijibu.

"Amenakili wapi? Mtoto ameandika hapa hapa, mbele ya macho yangu, mpaka ananiuliza neno gani zuri la kusema mlango umezeeka! Wewe ukawaambiaje?"

Fundi alikaa. Alianza kufungua kamba za viatu kwa makini makubwa, kana kwamba anazifungua kwa malipo.

"Mume wangu, nakuuliza. Ukawaambiaje?"

"Amesema labda nimesikia mahali," sauti ya binti ilitoka chumbani. "Baba amesema watoto wa siku hizi huwezi kujua."

Mama alimgeukia mumewe. 

"Hukuwaambia habari za mchezo."

"Mke wangu, fikiria kidogo. Nitamwambia nini Mwalimu Mkuu? Kwamba mimi ni bawabu?"

"Si ndivyo ulivyo kila Jumapili? Mimi nimekuvumilia. Majirani wananiuliza huyo mumeo anamfokea nani dukani na duka limefungwa, nawajibu anastarehe, mwacheni. Wenzio wanastarehe na chupa, wewe unastarehe na joka, nikamshukuru Mungu. Kwani mnaloga? Mmeiba kuku wa mtu?"

"Watanicheka."

"Wakucheke! Mimi mbona wananicheka? Nafua chupi za watu, wananicheka, na ada ya mtoto inatoka humo humo." Alishika pasi tena, akaiacha tena. "Ile shule ya juu hatuiwezi. Unalijua hilo. Hata tuuze pasi na meza yako na vioo vyote, hatuiwezi. Mtoto kajitafutia njia mwenyewe, wewe unamfungia kwa sababu ya uso wako. Mficha uchi hazai."

 Fundi alijua mkewe amesema kweli, na kweli ile ilimchoma hasa kwa sababu ilisemwa kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesoma bei.

"Kesho asubuhi," mama alisema. "Kabla hujafungua duka."

"Nitakwenda."

"Apia."

"Nitakwenda, mke wangu. Haki ya Mungu."

Alisogea hadi mlangoni mwa chumba cha binti. Alitaka kusema neno, hata moja. Binti alikuwa amekaa kitandani amempa mgongo, bado na viatu. Fundi alikohoa, akaondoka. Bawabu wake angejua la kusema. Bawabu wake aliwahi kulibembeleza zimwi lililopotelewa na mtoto mpaka likalala. Lakini bawabu huwa na dadu, na huwa na Jumapili nzima.

*

Asubuhi alitoka mapema kweli, na nia yake ilikuwa safi. Angekwenda moja kwa moja shuleni, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini njiani wazo lilimjia kwamba peke yake hatoaminiwa, kwamba anahitaji shahidi. Akakata kona kuelekea hospitali.

Aliyemwendea huko alikuwa nesi wa wodi ya wanaume, mtu mnene, mpole, waliyemwita Kobe tangu shule kwa sababu ya mwendo wake. Ndiye aliyekuwa akiongoza hadithi mezani. Kobe alikuwa anatoka zamu, macho mekundu, mkoba begani.

"Insha nzima?" Kobe alisema aliposikia. "Bawabu wetu? Ameandika vizuri?"

"Vizuri mpaka wamesema si yake."

"Ee Mungu wangu." Kobe alisimama katikati ya ujia, wagonjwa wakampita. Uso wake ulikuwa na fahari na huzuni kwa pamoja. "Twende. Nitasema kila kitu. Lakini tusiende kichwakichwa. Tumwite na Mama Pacha, yule anajua kusema na wakubwa. Tukae kidogo tu, tupange."

Basi ujue kwamba kundi lile lilikuwa na ugonjwa mmoja, na kila aliyewahi kucheza mchezo ule anaujua. Wakifika mbele ya mlango wa adui hawaingii, wanapanga. Nani atangulie, nani abaki nyuma, tukisikia mbwa tufanyeje, na kama si mbwa je? Iliwahi kupita Jumapili nzima wakipanga namna ya kuvunja mlango ambao, Kobe aliwaambia mwishowe huku akikusanya dadu zake, haukuwa umefungwa. Walicheka siku ile mpaka machozi. Ugonjwa wa mezani hauui mtu.

Mama Pacha, mwenzao wa tatu na keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, aliomba ruhusa akaja akitembea harakaharaka, sare yake ya duka ikiwa bado mwilini. Walikaa dukani kwa Fundi, kwenye vigoda vyao vilevile. Alitaka kwanza kuelezwa kila kitu, akaelezwa. Halafu akauliza swali la maana:

"Mwalimu Mkuu mwenyewe ni mtu wa namna gani? Mkali?"

"Mkali kiasi," Fundi alisema.

"Mimi nitakuwa yeye. Wewe nieleze, tuone utaanzaje." Alishusha miwani mpaka ncha ya pua, akakunja mikono. "Karibu, Fundi. Nina kazi nyingi. Sema."

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuhusu ile insha. Ukweli ni kwamba, mimi na wenzangu, huwa tuna... kuna kitu..."

"Kitu gani? Wewe ndiye uliyesema mtu mzima hachezi, au nimesahau?"

Fundi alinywea kwelikweli. Kobe, bila hata kufikiri, alikuwa ameshafungua mkoba wake na kutoa dadu kubwa ya pande ishirini. "Tupa," alisema. "Tuone amekupokeaje."

Dadu ilibingirika kwenye blanketi, ikatoa nne.

"Amecheka," Kobe alitangaza. "Amemwita na karani aje asikie."

"Tuanze upya," Fundi alisema.

Wakaanza upya. Safari hii alianza na sifa za shule, Mama Pacha akamwambia hiyo inanuka rushwa. Wakajaribu Kobe atangulie kama mtu wa afya. Wakabishana kama waseme "mchezo" au "chama cha hadithi". Mama Pacha alipendekeza "kikundi cha sanaa", Kobe akamuuliza sanaa gani na wewe mezani ni mwizi wa farasi, wakacheka mpaka Mama Pacha akashika mbavu. Fundi naye alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kifua chake kulegea, na kulegea kule kulikuwa kutamu. Mteja mmoja alipiga hodi akitaka kioo cha kabati, akaambiwa arudi baadaye.

Hatimaye ikaja ile waliyokuwa wakiitafuta. Fundi alisimama, akaweka mikono juu ya meza, akasema kwa sauti ya bawabu: "Mwalimu Mkuu, jana nilimkana mtoto wangu mbele yako kwa kuogopa kuchekwa. Mji ule ni wetu, tumeujenga kwa mdomo, watu watatu wazima. Lakini sisi hatujawahi kuandika hata mstari. Aliyeuandika ni yeye." Akatupa dadu. Kumi na tisa. Mama Pacha alivua miwani akafuta macho. "Hayo hayo," alisema. "Usiongeze, usipunguze."

Ndipo Kobe alipogeuka kutazama nje. Jua lilikuwa limeshahama kutoka kwenye vioo vilivyoegemezwa mlangoni, na wanafunzi wenye sare walikuwa wanapita barabarani, mikoba mgongoni, wakirudi makwao. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Fundi alitoka mbio bila kofia.

*

Mwalimu Mkuu alikuwa anafunga ofisi. Alimwona mtu mzima anakuja anakimbia kukatiza uwanja, shati limetoka nje, akafikiri labda kuna dirisha limevunjika.

Fundi hakukumbuka hata neno moja la yale waliyoyapanga. "Tunacheza," alisema akihema. "Mwalimu, tunacheza. Kila Jumapili. Mimi, nesi mmoja na mama mmoja. Tunatunga mji, tunatupa dadu. Bawabu ni mimi. Mtoto alisikia akaandika mwenyewe. Jana nilisema uongo."

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alimwonyesha benchi la ukutani, naye akakaa upande wa pili, mkoba magotini.

"Dadu ya kawaida?"

"Hapana, Mwalimu. Ya pande ishirini."

"Ishirini!" alisema, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa msichana. "Na inasimamaje?" Halafu akauliza: "Na huyo bawabu wako, anajua kwamba mji ni mtupu?"

"Hajui. Kobe, anayetuongoza, bado hajatufikisha huko."

"Binti yako amemfikisha. Ule ukurasa wa mwisho, anapokuja mtoto kumwambia. Bawabu anamhoji mtoto maswali yote, halafu hamruhusu kupita kwa sababu hataki kusikia. Hukuusikia? Nilisoma mbele yako."

 Jana, wakati ukurasa ule unasomwa, Fundi alikuwa anashughulika na kofia yake na uso wake.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini, Fundi?"

 Fundi alikuwa ameiogopa aibu ile kama mbwa wa jirani, na sasa amefika getini na hakuna mbwa. Majuto husemwa ni mjukuu, huja baadaye. Ya Fundi yalikuja palepale benchini, mazima.

"Nilikusubiri asubuhi yote," Mwalimu Mkuu alisema taratibu. "Nilijua kuna jambo. Ulivyokuwa unaizungusha ile kofia, nilijua. Adhuhuri ikafika. Nimepeleka jina la yule mwingine."

"Huwezi kulirudisha? Nakuomba, Mwalimu. Niko chini ya miguu yako."

"Ameshaambiwa. Mama yake amekuja hapa, amekaa hapo ulipokaa, amelia kwa furaha. Unataka nimfuate nikamwambie nini?" Alinyanyuka. "Doa nitalifuta. Mwalimu wa insha atamwomba radhi binti yako mbele ya darasa, hilo nakuahidi. Lakini nafasi imekwenda, Fundi. Pole."

Alimshika bega kidogo, akaenda zake. Kwa Fundi ingekuwa nafuu angetukanwa.

*

Alipofika nyumbani, mama alikuwa kwenye pasi na binti anamsaidia kukunja. Kulikuwa na mlima wa mashati juu ya kochi. Fundi alisimama mlangoni, na mama akakitazama kichwa chake kisicho na kofia.

"Mwalimu Mkuu ameamini," alisema.

"Ameamini nini?" binti aliuliza bila kuinua macho.

"Kwamba insha ni yako. Nimemweleza yote. Mchezo, mji, bawabu, yote."

"Akakucheka?"

"Hakucheka. Ameniuliza dadu ina pande ngapi."

Mama alisubiri yaliyobaki. Alisubiri na pasi mkononi, na mumewe aliposhindwa kuendelea, akaelewa. Aligeuza shati upande wa pili akaanza kunyoosha kola, akikandamiza kuliko ilivyohitajika. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko yasidondokee nguo ya watu.

"Mwalimu wa insha atakuomba radhi," Fundi alisema. "Mbele ya darasa zima."

"Sawa."

"Na Jumapili, kama unataka, njoo ukae na sisi. Mezani kabisa. Uwe na mtu wako mwenyewe kwenye mchezo."

Binti alikunja mikono ya shati kwa nyuma, akaulaza mkunjo, akaubana kwa kiganja. Alikuwa mkunjaji mzuri, mama yake alimfundisha.

"Nimesema, mwanangu," Fundi alisema. "Najua nimechelewa. Lakini nimesema."

"Umesema nikiwa sipo," binti alijibu, akanyoosha mkono kuchukua shati lingine.